Mahali pa Kupigia Hodi: Nafasi Iliyo Kati ya Mlango wa Hoteli na Meza ya Mapokezi

Wamiliki wa hoteli ndogo wanaotuita katika Mji Mkongwe wa Zanzibar huanza karibu wote na ombi moja: wanataka meza ya mapokezi iliyo kubwa zaidi, taa ya kuning'inia yenye fahari zaidi, na pengine ukuta mmoja utakaopendeza katika picha za wageni. Sisi, ambao kazi yetu ni kusanifu sehemu za ndani za majengo, huomba kwanza ruhusa ya kukaa karibu na mlango kwa siku mbili na kutazama jinsi wageni wanavyoingia. Mara nyingi tunakuta kwamba meza haina kosa lolote. Kinachokosekana ni mahali pa kusimama kabla ya kuifikia.

Mfikirie mgeni aliyevuka kutoka Dar es Salaam kwa boti ya mwendo wa kasi, safari ya saa mbili hivi. Gari limemshusha kwenye barabara kuu, kwa kuwa vichochoro vingi vya mji havipitiki kwa gari, naye amefuata mkokoteni wa mizigo juani huku akiogopa kuupoteza kwenye kona. Anavuka kizingiti, na kwa mara moja anatoka kwenye jua la saa saba mchana na kuingia katika ukumbi ambao kwa macho yake ni giza. Jasho linampoa mgongoni kwa upepo wa kiyoyozi. Hajajua ashushe begi wapi wala azungumze na nani, na tayari sauti kutoka nyuma ya meza inamwomba pasi ya kusafiria. Mhudumu huyo ana adabu na anaifanya kazi yake vizuri. Ni jengo ndilo limemlazimisha aanze na karatasi kabla ya salamu.

Nyumba za mawe za pwani yetu zilikwisha kulitatua jambo hili kabla hoteli hazijakuwapo. Nje kulikuwa na baraza, ambapo mtu yeyote aliweza kuketi na kupewa kahawa bila kuingia ndani. Mlangoni palikuwa na daka, yaani kibaraza chenye paa na viti vya mawe pande zote mbili. Katika nyumba za Lamu, anayepita daka huingia tekani, ukumbi mdogo ambapo njia hupinda kabla ya kufungukia kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Mgeni alipiga hodi akiwa kivulini, akaitikiwa, akangoja kidogo, na muda huo macho yake yalizoea mwanga, mwili ulipoa, na mwenyeji alipata nafasi ya kujiweka sawa. Kila hatua ilikuwa na mahali pake. Nyumba nyingi za namna hiyo zimegeuzwa kuwa hoteli, na mara nyingi kitu cha kwanza kuondolewa ni hizo sehemu za katikati, ambazo machoni pa anayehesabu vyumba vya kulala huonekana kuwa nafasi iliyopotea bure. Kwetu sisi hiyo ndiyo nafasi yenye thamani kuliko zote katika jengo.

Tuanze na mwanga, kwa sababu ndio unaosahauliwa zaidi. Jua la adhuhuri hapa kwetu hufikia kiasi cha luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), ilhali kumbi nyingi za mapokezi tunazozipima huwa na luksi 150 hadi 300. Jicho la binadamu haliwezi kuruka tofauti hiyo papo hapo. Huhitaji dakika kadhaa ili kuzoea, na kwa wazee muda huo huwa mrefu zaidi. Watu wengi hudhani dawa yake ni kuongeza taa ndani, lakini hakuna taa ya ukumbini inayoweza kushindana na jua. Dawa ni kuugawa mteremko huo wa mwanga katika vidato: kwanza kivuli kizito mlangoni, cha makuti au turubai au ghorofa iliyojitokeza, kisha chumba kidogo chenye mwanga wa pembeni unaopita kwenye kiwambo cha mbao, na hapo ndipo ukumbi wenyewe. Ukuta ulio mkabala na mlango upakwe chokaa nyeupe na uangaziwe kuliko kuta nyingine, maana jicho lililotoka juani huutafuta mwanga kwanza, na miguu hulifuata. Usiku mambo hugeuka: kibaraza ndicho kinachohitaji taa ya kutosha, yenye rangi ya joto, ili mgeni anayetoka kwenye kichochoro chenye giza auone mlango kutoka mbali na kuziona ngazi.

Kuhusu hewa, ushauri wetu ni mfupi. Kiyoyozi katika ukumbi ambao mlango wake hukaa wazi hula umeme, huvuta unyevu wa nje na kuacha matone kwenye nyuso baridi. Katika nafasi ya kati, pangaboi na upenyo mzuri wa upepo hutosha, hasa ikiwa jengo linapokea kaskazi au kusi kupitia kiwanda. Kiyoyozi kianze baada ya mlango wa pili, na kisiwekwe katika baridi ya kumtetemesha mtu aliyelowa jasho.

Sakafuni tuliwahi kukosea, na tunalisema hilo kwa kila mteja. Katika kazi mojawapo ya mwanzo tulikubali kuweka vigae vyeupe vinavyong'aa hadi mlangoni, na mvua za masika zilipoanza, wageni na wafanyakazi wakateleza. Tulivibomoa na kuweka mawe yenye uso mkavu. Tangu hapo hatuachi chini ya mita 2 za sakafu isiyoteleza ndani ya mlango, pamoja na mahali pa kukung'utia miavuli. Vizingiti vya milango ya kuchonga ni suala jingine. Huwa juu, vina uzuri wake, na havipaswi kukatwa; lakini mtu mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuvivuka. Kwa mteremko salama wa 1 kwa 12, kizingiti cha sentimita 15 huhitaji daraja la mbao la kuondolewa lenye urefu wa mita 1.8 kila upande, na nafasi hiyo lazima ifikiriwe kabla ya kupanga viti.

Sasa meza yenyewe. Hatuiweki mkabala na mlango. Tunaisogeza pembeni, mahali ambapo mgeni ataiona baada ya hatua nne au tano, na ambapo mhudumu humwona mgeni mapema, akapata muda wa kuinuka na kuja kumlaki. Kabla ya meza kuwe na kiti cha kukalia kweli, benchi la ukutani kama lile la daka, na kando yake mahali wazi pa kuweka mizigo palipo ndani ya upeo wa macho ya mwenyewe, kwa sababu mgeni asiyeliona sanduku lake hatulii hata ukimpa juisi ya ukwaju na kitambaa baridi. Hoteli inayopokea kundi kutoka boti moja iangalie jambo la ziada: watu 15 wakifika pamoja, wa mwisho atangoja muda mrefu, na lazima angojee ndani ya kivuli, akiwa ameketi. Katika hali hiyo tunapendekeza karatasi zijazwe benchini, mhudumu akimfuata mgeni, badala ya foleni kujipanga mlangoni.

Mji Mkongwe uko katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo mabadiliko ya milango na sura ya nje hupitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mengi ya tuliyoyaeleza hufanyika ndani, kwa vitu visivyogusa kuta za zamani.

Kwa sababu hiyo pia hatuanzi kwa kubomoa. Baada ya siku zetu mbili za kutazama, tunapima mwanga kila baada ya mita 1 kutoka kichochoroni hadi mezani, tunahesabu dakika kutoka mgeni anapovuka kizingiti hadi anapoketi, kisha tunaijaribu nafasi mpya kwa viwambo vya kuhamishika, mkeka, benchi la kuazima na taa za muda, kwa wiki mbili. Fundi huitwa pale tu jaribio linapokubalika na mwenye hoteli pamoja na wafanyakazi wa zamu zote, ya usiku ikiwamo. Anayetuita atutayarishie mchoro wa ghorofa ya chini, ratiba ya boti na ndege ambazo wageni wake hutumia, na kiti kimoja karibu na mlango ambapo tutakaa bila kuwasumbua.