Mchoro wa rede haukustahili sifuri

Mhariri, salaam kutoka Ujiji.

Naomba nafasi kidogo maana jambo hili limenikaa rohoni wiki nzima. Binti yangu yuko darasa la tano, waliambiwa wachore mchezo wanaoupenda, yeye akachagua rede. Hakuchora watu. Alichora miviringo, mingine nyekundu mingine ya bluu, inapishana na kukatana karatasi nzima, nilipomuuliza akaniambia baba huo ni mpira unavyoenda na kurudi, na hapo katikati ndo anapokwepa mtu. Mwalimu kampa sifuri, kaandika haieleweki.

Sasa mimi nilishtuka, kwa sababu kuna mtu alishapita njia hiyohiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita. František Kupka, mzaliwa wa Bohemia (siku hizi Jamhuri ya Czech) aliyekuwa anaishi Puteaux, pale karibu na Paris. Mwaka 1908 hivi alimchora mtoto wake wa kambo akicheza mpira bustanini, na mtoto unamuona kabisa na mpira wake mkononi. Lakini alichokuwa anakitafuta ni mwendo, akawa anarudia na kurudia, karatasi baada ya karatasi, mwili wa mtoto ukapotea kidogokidogo mpaka ikabaki miviringo tu, nyekundu na bluu! Mwaka 1912 mchoro mkubwa wa rangi za mafuta uliotokana na kazi hiyo, Amorpha, ukatundikwa kwenye maonyesho Paris, una kama mita mbili kila upande na leo uko Prague.

Mi nazipenda zile karatasi kuliko huo mkubwa. Baadhi alizipaka guashi, yaani rangi ya maji iliyo nzito, gundi yake ni utomvu wa migunga, inakauka haraka, haing'ai, na inafunika kilicho chini yake kwa hiyo ukikosea unapitisha rangi nyingine juu unaendelea. Ni rangi ya mtu anayetafuta, na binti yangu naye alikuwa anatafuta.

Na hapa Kigoma tunavaa vitenge vya Kongo miaka yote, vimejaa duara na mistari, sijawahi kusikia mtu kamsimamisha mama sokoni akamuuliza kitenge chako kimechora nini.

Simchukii mwalimu, watoto ni wengi na muda hana. Naomba tu walimu wetu wamuulize mtoto kwanza kabla ya kushika kalamu nyekundu, swali moja linatosha. Na wewe Mhariri, kwenye ukurasa wa watoto toeni na michoro ya namna hii, ila iwe ya rangi tafadhali, maana ukiichapa kwa nyeusi na nyeupe ile nyekundu na ile bluu zote zinageuka kijivu, na rede yenyewe haionekani tena.

Mzazi,
Ujiji, Kigoma