Rangi ya Gari Huharibikia Mahali pa Kuoshea

Mteja anayetuletea gari jeusi kwa kawaida halalamikii mkwaruzo mmoja. Analalamika kwamba gari limepoteza weusi wake. Kivulini linapendeza tu, lakini likisimama juani, au usiku chini ya taa, boneti nzima inajaa mistari myembamba kama utando wa buibui. Wengi hudhani ni jua, au kwamba rangi ilikuwa hafifu tangu mwanzo, au kwamba aliyewauzia alificha jambo. Tukiuliza gari huoshwa vipi na nani, mara nyingi jibu tunalipata hapo hapo.

Kazi yetu ni kurudisha mng'ao wa rangi, na ingekuwa rahisi kukwambia ulete gari kila baada ya miezi michache. Tungependa uje mara chache zaidi ya hapo, na sababu ni klia.

Magari mengi ya siku hizi yana praima, yaani koti la msingi, juu ya bati, kisha rangi yenyewe, kisha klia, lile koti la juu lisilo na rangi ambalo ndilo linalong'aa. Kwa rangi ya kiwandani, matabaka yote kwa pamoja huwa na unene wa kama maikroni 100 hadi 150, na klia peke yake kama 40 hadi 50. Milimita moja ni maikroni 1,000. Hapo ndipo penye akiba yako yote. Polishi haizibi mkwaruzo, bali inasaga klia iliyouzunguka mpaka usawa wake ufike chini ya ule mkwaruzo. Ukipiga polishi leo, klia inapungua, na haioti tena. Ndiyo maana kabla ya kushika mashine tunapima kwanza unene wa rangi kwa kifaa maalumu, kila paneli peke yake. Kuna magari ambayo tumewaambia wenyewe kwamba tukisaga zaidi ya hapa tutafika kwenye rangi, bora tuache mikwaruzo miwili mitatu ikae.

Turudi kwenye ule utando. Hiyo mistari haikuchorwa kwa mviringo. Imekwenda kila upande, ila mwanga unaakisiwa vizuri na ile tu inayoukingama, kwa hiyo jicho linaona duara kuizunguka taa. Chukua tochi ya simu uisogeze juu ya boneti, utaona duara linahama nayo. Kwa hiyo usimtafute mtu aliyefuta kwa kuzungusha mkono ukadhani umempata mwizi. Tafuta mchanga, na tafuta kitambaa kilichouburuta.

Kosa tunaloliona kuliko yote ni kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Gari limelala nje, asubuhi lina vumbi, mtu anachukua kitambaa na kulifuta lote kwa dakika mbili ili litoke likiwa safi. Vumbi lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Kufanya hivyo kila asubuhi ni kulipiga gari msasa laini. Kama huna maji, liache na vumbi lake. Vumbi lililotulia halikwaruzi kitu.

Linalofuata ni ndoo moja. Unachovya sponji kwenye povu, unafuta mlango uliojaa matope, unairudisha sponji kwenye ndoo ile ile. Kufika paneli ya tatu, unaosha gari kwa mchanga uliolowa sabuni. Hapa suluhisho ni jepesi: ndoo mbili. Moja iwe na shampuu ya gari, nyingine maji matupu. Kila ukimaliza sehemu, suuza glavu au kitambaa kwenye maji matupu, ukikandamize chini ya maji mchanga ushuke, ukikamue, halafu ndipo urudi kwenye shampuu. Baada ya gari moja tu, mwaga ile ndoo ya kusuuzia polepole uone kilichobaki chini. Mchanga huo wote ungekuwa umepitishwa juu ya rangi yako.

Kabla ya kugusa gari, limwagie maji kwanza, mengi, kuanzia paa kushuka. Lengo ni kuondoa kile kinachoweza kuondoka bila kuguswa. Ukiwa na mashine ya presha, isogeze mbali, sentimita 30 au zaidi, na usiielekeze kwenye kingo za rangi iliyoanza kubanduka, la sivyo utaibandua yote. Kisha osha kutoka juu: paa, vioo, boneti, buti, sehemu ya juu ya milango. Sehemu ya chini ya milango, bampa na madigadi ndiko kunakorukia uchafu wa barabarani, kwa hiyo viwe vya mwisho. Rimu zipewe kitambaa chake na ndoo yake. Vumbi la breki lina chembe za chuma, na kitambaa kilichopita kwenye rimu hakina ruhusa ya kurudi kwenye boneti hata kama umekifua mara tatu.

Pitisha mkono kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Shampuu ndiyo inayofanya kazi, wewe unaielekeza tu.

Kuhusu sabuni, watu wengi hutumia sabuni ya vyombo. Haitaiunguza rangi siku hiyo, ila imetengenezwa kukata mafuta, na waksi uliyopaka ni mafuta machoni pake. Inaondoka nayo. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali zaidi, na punje zisizoyeyuka vizuri zinakwaruza. Shampuu ya gari ina utelezi ambao sabuni hizo hazina, na utelezi ndio unaouwezesha mchanga kupita bila kuchora.

Usioshe juani. Weka mgongo wa mkono kwenye boneti: ikiwa ni ya moto, subiri. Maji yakikauka kabla hujayafuta yanaacha madoa meupe, kwa sababu chokaa na madini mengine yaliyomo hayapandi na mvuke. Madoa mapya hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, unaigusisha kwa muda mfupi kisha unasuuza vizuri. Yaliyokaa wiki kadhaa juani huwa yameshaila klia, na hayo siki haiyawezi.

Kwenye kukausha ndiko mtu aliyefanya yote vizuri huharibu mwishoni, kwa kuchukua fulana kuukuu. Fulana ina mishono, na mshono unakwaruza. Nunua taulo kubwa ya maikrofaiba, itandaze juu ya paneli, ipigepige kidogo au uivute taratibu, inyonye maji yenyewe. Kabla ya kuitumia mara ya kwanza, ondoa ile lebo iliyoshonewa pembeni, maana ukingo wake ni mgumu. Vitambaa hivi vifuliwe peke yake, visichanganywe na pamba, na bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu inaziba nyuzi zake. Kikianguka chini wakati wa kazi, kiweke kando mpaka kifuliwe. Tunajua inauma kukiacha kwa sababu ya sekunde moja sakafuni, lakini punje moja iliyonasa inatosha.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri siku ya kuosha, nalo ni kinyesi cha ndege. Kina asidi, lakini tatizo si asidi peke yake. Juani klia inapata joto, inalainika na kutanuka. Jioni inapoa na kujikunja, na inajikunja juu ya uchafu uliokwisha kukauka na kuwa mgumu. Ukija kuutoa unakuta umbo lake limebaki kwenye rangi, kama muhuri, na wakati mwingine unalihisi kwa kidole. Siku ya jua kali saa chache zinatosha. Usiukwangue wala usiusugue, kwa sababu ndani yake huwa na mbegu na mchanga. Lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa dakika kadhaa mpaka lilainike, kisha nyanyua kwa kukunja kitambaa kuelekea ndani. Ukiegesha chini ya mti kila siku, weka chupa ndogo ya maji na kitambaa safi kwenye buti. Wadudu waliokauka kwenye bampa na utomvu wa miti hutibiwa kwa subira hiyo hiyo, ingawa utomvu mara nyingi unahitaji dawa yake. Na lami inahitaji dawa ya lami, si kucha.

Ukishaosha na kukausha, vaa kipande cha nailoni nyembamba kwenye vidole na upitishe juu ya boneti. Nailoni inazidisha hisia za vidole. Ukisikia vipunje vingi kwenye rangi inayoonekana safi, hizo ni chembe za chuma, lami na uchafu wa hewani vilivyojishikiza, na shampuu haiviondoi. Vinatolewa kwa klei maalumu ya magari: unanyunyizia kilainishi, unapitisha kipande cha klei kwa mistari mifupi bila nguvu, unakikunja kila kinapochafuka. Kikianguka chini, kitupe. Klei inaweza kuacha mikwaruzo midogo kwenye rangi nyeusi, kwa hiyo usiifanye kila mwezi; kwa gari la kawaida mara moja au mbili kwa mwaka inatosha.

Polishi na waksi zinachanganywa sana, hata madukani. Polishi inasaga. Waksi inafunika. Ukipaka waksi juu ya rangi iliyochakaa, itang'aa kidogo na mikwaruzo itabaki chini yake. Ukipiga polishi bila kupaka kinga, utakuwa na rangi nzuri iliyo uchi. Kwa mkwaruzo mmoja, pitisha kucha kwa kuukatiza: ikinasa, mkwaruzo huo umezidi uwezo wa polishi, usihangaike. Dawa ya meno, ambayo watu hushauriana sana, ni kisagio tu ambacho hujui ukali wake. Na wale wanaofuta bodi kwa dizeli au mafuta ya taa ili ing'ae wanaficha mikwaruzo kwa mafuta kwa siku mbili, kisha mafuta yanakamata vumbi, kesho yake vumbi hilo linapanguswa kwa kitambaa kikavu, na tunakutana nao hapa.

Kwa kinga, uchaguzi ni kati ya tatu. Waksi ya kanauba, inayotokana na majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mitende na minazi, inaleta mng'ao wa kina ambao binafsi tunaupenda kwenye magari meusi na mekundu, ila hudumu wiki kadhaa tu, labda miezi miwili. Silanti, yaani kinga za kutengenezwa viwandani zinazopakwa kama waksi, hudumu miezi kadhaa na ni rahisi kupaka; mtu anayeosha gari lake mwenyewe nyumbani tungemwambia aanzie hapo. Seramiki, kinga ya majimaji inayogandia juu ya klia, hudumu miaka ikitunzwa, na ndiyo watu wanayoiulizia, lakini wengi wanakuja wakiamini itazuia jiwe la barabarani au kitambaa chenye mchanga. Haizuii. Inafanya uchafu usishike sana na maji yateleze. Isitoshe, mikwaruzo iliyokuwepo kabla ya kupaka inabaki chini yake, na kuitoa ni kuitoa seramiki pia, kwa hiyo tukikwambia rangi irekebishwe kwanza hatukuongezei bili kwa kupenda.

Ukipaka mwenyewe, paka kivulini, paneli moja moja, na upake kidogo. Waksi nyingi haikingi zaidi, inakupa tu kazi ya kuifuta. Iepushe na plastiki nyeusi za bampa na pembezoni mwa vioo, maana huacha weupe unaosumbua kutoka. Utajua imeisha kwa kuangalia maji: yakijikusanya kuwa matone yanayoteleza, kinga ipo, yakitandaa kama karai limemwagwa na kukaa hapo baada ya kuosha vizuri, ni wakati wa kupaka tena.

Yapo magari ambayo haya yote hayayahusu sawasawa. Gari la zamani lisilo na klia litapaka kitambaa rangi yake ukilipiga polishi, na hilo ni la kawaida kwake. Gari lenye klia likifanya hivyo, acha papo hapo, kwa sababu klia imeisha pale. Klia iliyoanza kubanduka kwa magamba, kwenye paa na boneti hasa, haina waksi wala polishi ya kuiponya. Hiyo ni kazi ya fundi wa rangi, na ukituletea tutakuelekeza kwake. Gari lililotoka kupakwa rangi upya lioshwe kwa maji na shampuu tu, na umuulize fundi aliyelipaka lini litakuwa tayari kwa waksi, maana vimiminika vilivyomo kwenye rangi vinahitaji muda wa kutoka. Na rangi isiyong'aa, ile ya mati, usiipige polishi hata sehemu ndogo. Ukiisugua inaanza kung'aa pale uliposugua, na doa hilo halirudi nyuma.