Kichujio cha barua taka kifundishwe Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na makarani na wahasibu wa ofisi ndogo za Nyanda za Juu Kusini ambao, kama mimi, wamekabidhiwa seva ya barua pepe bila kuisomea.

Mimi ni mhasibu wa ofisi ya wakulima wa parachichi hapa Tukuyu. Msimu uliopita, barua ya mnunuzi wa Ulaya aliyeulizia makontena mawili ya Hass ilikaa siku tisa kwenye folda ya taka, chini ya matangazo ya bahati nasibu na dawa za nguvu. Kichujio tulichokuwa tukikilipia kwa dola kila mwezi ndicho kilichoifukia. Nilipoiona, alikuwa ameshanunua kwingine. Mzigo ukauzwa kwa bei ya sokoni, na mama mmoja wa Kiwira akanifuata ofisini kuniuliza, "Mwanangu, hiyo barua ilipita wapi?" Nilishindwa kumjibu.

Wapo walionishauri tuachane na seva, kila mtu atumie anwani ya bure. Nilikataa. Mnunuzi anayetuma mkataba anataka kuona jina la wakulima kwenye anwani, si jina la karani ambaye mwakani huenda akahama.

Kompyuta yetu ni ya Windows Server, na barua zinaendeshwa na hMailServer, ambayo ni ya bure. Juu yake nikaweka SpamAssassin, programu huria ya kuchuja taka iliyoanza mwaka 2001 na tangu 2004 iko chini ya Apache Software Foundation. Wengi huiendesha kwenye Linux, lakini ipo iliyofungashwa kwa ajili ya Windows. Inakaa kama huduma kwenye poti 783, yaani mlango wa mawasiliano ndani ya kompyuta. hMailServer inaikabidhi kila barua, nayo inairudisha ikiwa na pointi. Ikifika pointi 5, ni taka. Kuifunga kulinichukua alasiri moja ya mvua.

Kazi ilikuja baadaye, nilipogundua kwamba kichujio hiki hakitujui. Sisi tumefundishwa tangu shuleni kuandika kichwa cha barua rasmi kwa herufi kubwa tupu: YAH: MAOMBI YA MBOLEA YA RUZUKU. SpamAssassin ina kanuni iitwayo SUBJ_ALL_CAPS inayoongeza pointi kwa kichwa cha namna hiyo, kwa kuwa huko ilikotungwa mwenye kupiga kelele kwa herufi kubwa mara nyingi ni mtuma taka. Basi barua ya ofisa kilimo inafika mlangoni tayari ina doa. Nimeizima kwa mstari mmoja kwenye local.cf, faili lake la mipangilio: score SUBJ_ALL_CAPS 0. Wakati huohuo tapeli anayeandika "ile hela tuma kwenye namba hii" anapita bila kuulizwa, maana kanuni nyingi zinatafuta maneno ya Kiingereza.

Tiba ni sehemu yake ya kujifunza, Bayes. Unaipa barua taka na barua halali, nayo inahesabu neno lipi hupenda kukaa upande upi. Haianzi kutoa pointi mpaka iwe imeona taka 200 na halali 200, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Sisi tulizikusanya kwa wiki tano, kila mmoja ofisini akitenga zake. Ndugu zangu, angalieni kosa nililofanya: nilifundisha kwa akaunti yangu ya Windows wakati huduma inaendeshwa na akaunti ya mfumo. Kila akaunti ina daftari lake la yale iliyojifunza. Wiki mbili za kazi zikaingia kwenye daftari lisilosomwa na yeyote. Wekeni bayes_path, mstari unaosema daftari likae wapi, kwenye local.cf, ielekee folda moja, kabla ya kufundisha hata barua ya kwanza.

Na kama seva yenu inauliza kupitia DNS (huduma ya kutafuta anwani za mtandaoni) ya umma kama 8.8.8.8, orodha za watuma taka za Spamhaus hazitawapa majibu ya kutegemea, kwa sababu maswali ya watu wengi mno yanapitia hapo. Windows Server ina DNS yake. Iwasheni iulize yenyewe.

Ninalosisitiza kuliko yote ni hili: msikiruhusu kichujio kufuta. hMailServer ina kiwango cha kutia alama na kiwango cha kufuta. Cha kwanza nimekiacha 5, cha pili nimekipandisha mbali kabisa. Karani wetu hupitia folda ya taka kila asubuhi kabla hajafungua kitabu cha stakabadhi. Inamchukua dakika kumi, na tangu Machi hatujapoteza barua ya mnunuzi.

Ombi langu ni kwamba tusifundishe kichujio kila mmoja peke yake. Ofisi za chai, kahawa, mbao na parachichi kuanzia Mufindi mpaka Mbozi zinapokea utapeli wa Kiswahili wa aina moja. Barua zenyewe zina majina na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, hivyo hizo zibaki ofisini. Kanuni za kuukamata utapeli huo, ambazo ofisi inaweza kujiandikia, kwa upande mwingine, ni mistari ya maneno tu. Inabebeka kwenye flashi. Wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wangeweza kuzikusanya, wakazijaribu, wakatoa faili moja la Kiswahili ambalo kila ofisi ingelinakili. Za kwetu zimefika 14, na tuko tayari kuzitoa zote.

Mhasibu wa wakulima,
Tukuyu, Rungwe