Piantare, kwa Zuhura

Bologna, 3 Machi

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Umeniuliza kwa nini yule mgeni wa Kiitaliano hapo Kiwengwa alimfokea mwanawe "Piantala!", na mwalimu wenu kawafundisha kuwa piantare ni kupanda mimea. Mwalimu hajakosea. Ni kupanda mche, na pia ni kukita nguzo au kigingi cha hema, hata kupigilia msumari ukutani: "piantare un chiodo". Kitu unakichomeka, kinabaki papo hapo.

Mengine yote yametokea kwenye huko kubaki. Mtu anakukita mahali, yeye huyoo, kaenda zake. "Mi ha piantata" atasema mwanamke aliyepigwa kibuti. Ukiongeza "in asso" ndiyo kuachwa solemba hasa, mathalani siku ya kuhama nyumba na aliyeahidi kuja kubeba makabati haonekani. "Ho piantato il lavoro", nimeacha kazi ghafla. Na kompyuta ikigoma katikati ya kazi, "si è piantato".

Basi "piantala" ni "hebu acha!" Hiyo "la" ya mwisho usiitafutie mwenyewe, haina. Wakiwa wengi ni "piantatela". Bibi ninayemhudumia humrushia mumewe neno hilo kila mzee anapobishana na televisheni, na mzee, kwa heshima zote, huongeza sauti.

Kukinyambua kitenzi hiki ni rahisi, kuanzia mimi hadi wao: pianto, pianti, pianta, piantiamo, piantate, piantano. Wakati ujao ile a inageuka e, pianterò. Kazi iko kwenye ulimi wetu uliozoea kuweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Hapa ni PIANtano, PIANtala. Mkazo urudishe nyuma. Halafu chunga wakati uliopita: "ho piantato" nimepanda, "ho pianto" nimelia, hiyo ni ya piangere. Ukimeza silabi moja tu, mkulima kageuka mfiwa!

Kwa wageni usilitumie, shoga. Hata ukilivisha adabu, "la pianti", bado unamkaripia mtu mzima. Akikusumbua mlevi hapo mapokezi, mwambie "Basta, per favore", kisha mwite meneja.

Nisalimie mama. Uniambie hoteli yenu inafungwa lini masika haya, nijue nikija nitakukuta kazini au nyumbani.

Wako,
Mwanaidi