Umechora kwa penseli, unataka rangi na maandishi? Soma kabla hujatutumia

Mama mmoja wa kikundi cha vikoba alituletea mchoro wa bibo na korosho yake, kauchora mwenyewe kwa penseli. Alitaka uchapwe kwenye fulana za kikundi: bibo jekundu, jani la kijani, na chini yake HABA NA HABA HUJAZA KIBABA kwa herufi kubwa, kama jina la kanga. Alishajaribu kuupaka rangi kwenye simu. Nyekundu ilitoka kama tope, na kila mstari ulizungukwa na utepe mweupe, kana kwamba bibo limekatwa kwa mkasi butu. Akadhani mkono wake ndio mbaya. Hapana, mama, mchoro ulikuwa mzuri sana.

Kompyuta haijui mstari ni upi na karatasi ni ipi. Inachoona ni vidoa vidogo, pikseli, kila kimoja na kiwango chake cha mwanga: 0 ni nyeusi tii, 255 ni nyeupe pe. Karatasi iliyopigwa picha usiku chini ya taa ya sebuleni haina nyeupe hata kidogo, ni kijivu chenye umanjano. Ukipaka hapo, umepaka juu ya uchafu. Tena mstari wa penseli haukatiki ghafla pembeni, unafifia taratibu. Rangi ukiimwaga inasimama pale penseli inapoanza kufifia, na huo ndio utepe mweupe.

Wengine husogeza kile kitelezi cha kubadili rangi, wakashangaa penseli iko vilevile. Lazima iwe vilevile, kwa sababu nyeusi, nyeupe na kijivu hazina rangi ya kugeuzwa.

Sisi tunatumia programu ya kuhariri picha iitwayo Photoshop, lakini hata GIMP, ambayo ni ya bure, inaifanya kazi hii vizuri. Kwanza tunarekebisha mwanga mpaka karatasi iwe nyeupe kabisa na mstari ukolee. Kisha leya ya mistari (leya ni tabaka la picha, kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya nyingine) inakaa juu, katika hali ya Multiply, yaani kuzidisha: weupe wote unatoweka, mistari inabaki. Rangi zinapakwa chini yake, kila moja kwenye leya yake, na tunazipitisha kidogo chini ya mstari ili pasibaki mwanya. Yule mama alipobadili mawazo, akataka bibo la njano, ilichukua dakika moja tu. Kama kila kitu kingekuwa leya moja tungeanza upya.

Maandishi nayo yana mambo yake. Tafadhali usituletee picha ambayo maneno yameshagandishwa juu yake. Tuandikie maneno kwenye ujumbe, tutayapanga sisi. Herufi ikibaki herufi, tunaweza kuikuza na kuirekebisha mpaka dakika ya mwisho bila kuharibu kingo. Na usituombe tuzivute herufi kwa upana ili zijaze nafasi. Nguzo zake zilizosimama zinanenepa, zilizolala zinabaki nyembamba, neno zima linaonekana limevimba. Afadhali tutafute fonti, yaani mtindo wa herufi, iliyozaliwa pana.

Ukitaka herufi ziwe na mzingo wa rangi nyingine, tunauweka nje ya herufi. Ukikaa katikati ya ukingo, nusu yake inaila herufi yenyewe, na tundu la A au B linaziba. Vivuli laini vinapendeza kwenye skrini, lakini kwenye fulana ya kuchapwa kwa fremu, yaani wino unapitishwa kwenye wavu uliowambwa, kila rangi ina fremu yake, na kivuli kinachofifia hulazimika kugeuzwa vinukta. Huwa tunawashauri wateja wakiache. Maneno kama NG'OMBE tunayakagua kwa jicho, maana kile kialama huweza kutoka kimegeuka juu chini.

Kuhusu kututumia: piga picha mchana, karibu na dirisha, kivuli chako kisiangukie karatasi. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, maana ikienda kama picha ya kawaida inapunguzwa. Tunahitaji pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha yenye upana wa pikseli 1000 inatosha sentimita 8 na nusu tu, wala si kifua kizima. Kama uko karibu, njoo na karatasi yenyewe tuiskani.

Na kabla ya fulana zote tunachapa moja ya majaribio. Skrini inang'aa kwa mwanga, wino haung'ai. Kijani kile kikali cha kwenye simu hupoa kikifika kwenye kitambaa. Njoo ukitazame mwenyewe, nje, juani.