Mpiga picha si lazima awe mshereheshaji

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu kwamba wapiga picha wa Kisumu tunalia njaa kwa sababu ya haya zetu. Alisema zama za chema chajiuza zimepita, siku hizi biashara ni matangazo, na asiyetaka kuonyesha uso wake mtandaoni auze kamera akafuge kuku. Kuku nimewahi kuwafuga. Walikufa wote kwa kideri, ndiyo maana nimebaki na kamera.

Nina miaka 11 katika kazi hii. Nilianza kwa picha za pasipoti katika kibanda cha mjomba wangu karibu na soko la Kibuye. Sasa napiga harusi, mahafali na, kama mpiga picha yeyote wa upande huu wa ziwa, matanga. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nikipanda matatu Kondele huomba nisikutane na ninayemjua, maana itanibidi nizungumze naye hadi stendi. Nikitoka harusini, baada ya kutwa nzima ya vigelegele, siku inayofuata simu yangu huwa imezimwa. Mwandishi yule anaiita hali hii haya. Si haya. Mwenye haya anaogopa watu. Mimi watu nawapenda, ila wananichosha.

Mwaka jana nililipa shilingi 1,500 kuhudhuria semina ya kujitangaza mtandaoni katika hoteli moja hapa mjini. Mkufunzi, kijana mchangamfu mwenye viatu vyeupe pe, alituambia tuposti mara tatu kwa siku, tuchekeshe, tufuate kila densi inayovuma TikTok. Kisha akatutaka tuinue simu tujirekodi tukisema, "Mambo vipi familia!" Nilitoka kama ninayeenda msalani, nikashuka ngazi, nikadandia boda hadi Nyalenda. Begi la kamera nikawa nimelisahau chini ya kiti. Kurudi kulichukua, watu wote wakinitazama, ndiyo aibu niliyoipata siku hiyo.

Hata hivyo nilijaribu. Nilijirekodi Hippo Point jua likizama, nimejipodoa, natabasamu hadi mashavu yakauma. Video ile ilitazamwa kuliko picha yoyote niliyowahi kuweka. Nikapigiwa simu tano. Wawili waliuliza kama nimeolewa, mmoja akataka kujua gauni nililinunua wapi, mwingine alikuwa anatafuta mshereheshaji. Wa tano ndiye aliyekuwa na kazi, bibi harusi kutoka Ahero. Siku ya harusi alinitazama tangu asubuhi kwa wasiwasi, na ilipofika saa nane akashindwa kuvumilia: "Dada, mbona umenuna? Kwenye simu ulikuwa mchangamfu!" Sikuwa nimenuna. Nilikuwa nafanya kazi. Lakini alikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu nilimuuzia mtu ambaye sikuwa naye nyumbani.

Sisemi tujifungie. Kulikuwa na yaya mmoja Chicago, Vivian Maier, aliyepiga picha za mitaani maisha yake yote bila kumwonyesha karibu mtu yeyote. Mwaka 2007 masanduku ya negativu zake yakauzwa mnadani. Mwaka 2009 akafariki, kabla dunia haijamjua. Leo picha zake, ambazo ni zaidi ya 100,000, zinaonyeshwa kwenye makumbusho. Watu husimulia habari hiyo kama hadithi tamu. Mimi hainipendezi. Nina karo ya kulipa muhula huu, na kamera niliyonunua kwa mkopo wa chama.

Ninachofanya sasa ni hiki. Kila Jumapili jioni naweka picha moja, na chini yake sentensi nne au tano za jinsi nilivyoipata. Uso wangu haumo, muziki haumo. Kuandika naweza, naandika nikiwa peke yangu, nafuta, naandika tena, hakuna anayeningoja. Mwezi wa tatu niliweka picha ya mama mmoja wa Dunga anayeanika omena, dagaa wa ziwa letu. Nilikuwa nimefika alfajiri, mashua za omena zikirudi na taa zao, na chini ya picha niliandika hivi: "Asubuhi hii mama ameanua omena mara tatu kwa sababu ya manyunyu. Mara ya nne ameacha zilowe, akaketi, akacheka. Mimi nilikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa tangu saa kumi na mbili. Kicheko chenyewe ndicho hiki."

Kabla sijaiweka nilimsomea. Alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Ongeza kwamba nauza kwa mkebe wa gorogoro, anayetaka aje." Nikaongeza. Wateja wake walikuja kabla ya wangu, na mpaka leo ananidai asante kwa kunifundisha matangazo.

Watu walioitazama picha ile hawakufika hata robo ya wale wa Hippo Point. Lakini wiki mbili baadaye akanipigia mzee mmoja wa Bondo. "Wewe ndiye uliyekaa kwenye ndoo?" Nikasema ndimi. Mama yake alikuwa anatimiza miaka 80 na alikuwa amewafukuza wapiga picha wawili kwa kelele zao, tabasamu mama, geuka mama, shika kidevu mama. Mzee alitaka mtu anayeweza kukaa. Nilikaa jikoni mwa mama yule saa tatu, nikamsaidia kuchambua mboga, na picha 12 nilizotoka nazo ndizo bora nilizopiga mwaka huu. Hazipo mtandaoni, kwa sababu alikataa. Picha nilizipeleka kwa WhatsApp kama hati ili zisipungue ubora, na familia hiyo imeniletea kazi nyingine tatu.

Hili la kukataliwa lina uzito wake. Yule mkufunzi alituambia tuposti watoto kwa wingi kwa kuwa watu hupenda watoto. Hakutaja kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data za mtoto. Na matangani je? Nimeona mjane akigaagaa kaburini, na siku hiyohiyo picha yake imewekwa kwenye ukurasa wa mpiga picha pamoja na nambari ya simu ya kuagizia kazi. Aliyemwomba ruhusa ni nani? Shinikizo hili la kutakiwa kuposti mara tatu kwa siku ndilo linalozaa mambo hayo, maana mwenye kuharakisha hana muda wa kuomba ruhusa.

Neno la mwisho nalielekeza kwa mnaotoa kazi. Juzi niliomba kazi ya kupiga picha katika ofisi moja mjini. Fomu iliuliza idadi ya wafuasi wangu kabla ya kuuliza nina kamera gani, na sehemu ya kuambatanisha picha haikuwepo kabisa. Niliandika 412, sikuitwa. Mngeniomba picha zote za kazi moja, tangu bibi harusi anasukwa hadi viti vinakusanywa, pamoja na zile za ukumbini taa zilipopotea, mngejua kama nafaa au sifai.

Jumapili hii zamu ni ya fundi baiskeli wa hapa Nyalenda. Amekubali, kwa sharti kwamba nisionyeshe gurudumu la mteja wake ambalo bado hajaligusa.

Mpiga picha,
Nyalenda, Kisumu