Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: tunaomba kipimo cha ulevi, kiganja cha trafiki hakipimi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo, na pole na majukumu. Najua msimu huu ofisi yako haipumziki: minada ya korosho, magunia, malori, malalamiko ya malipo. Nisingekuandikia hadharani kama ningejibiwa kule nilikopita. Barua yangu ya kwanza nilimkabidhi mtendaji wa kijiji, ikapanda hadi kata, na kutoka kata sijui ilikoishia. Ndiyo maana leo naandika mahali ambapo kila mtu ataisoma, ili pasiwe na wa kusema haikumfikia.

Mimi ni mama mwenye kilabu katika kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Nina leseni ya vileo, imebandikwa ukutani, na kila baada ya miezi sita naihuisha. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua wako watakaosema huyu anatetea walevi ili auze. Hapana. Sheria inayomkataza mtu kuendesha chombo akiwa amelewa naiunga mkono kwa moyo wote, na hapa chini utaona sababu. Kinachonitoa machozi ni jinsi inavyotekelezwa huku kwetu.

Jumamosi iliyopita baadhi ya wakulima walipata malipo ya mnada, na kijiji kilichangamka. Mzee mmoja, ambaye kwa ukoo ni mjomba wangu, na uzito wa mjomba kwa Wamakonde unaujua, alifika kilabuni saa kumi jioni. Alikunywa vikombe viwili vya uraka, pombe yetu ya mabibo, yaani matunda ya mkorosho, akalipa, akaacha mchango wa msiba wa jirani kwa katibu, akaaga. Pikipiki hakuiwasha. Aliikokota, mjukuu wake akiisukuma kwa nyuma, kwa sababu hapa kwangu tumekubaliana: ukinywa, huwashi. Hawajafika mbali, wakawakuta trafiki wamesimama chini ya mkorosho.

"Mzee, hebu nipumulie hapa."

Trafiki aliweka kiganja mbele ya mdomo wa mzee, akanusa, akasema, "Umelewa. Lete ufunguo." Mzee alimjibu kwamba ufunguo anao mjukuu na injini ni ya baridi, aiguse ahakikishe. Hakuna aliyeigusa. Pikipiki ikapakiwa, mzee na mtoto wakarudi nyumbani gizani kwa miguu.

Jumatatu alipoifuata aliambiwa laki moja. Hakuandikiwa kosa, hakupewa namba ya malipo, hakupewa risiti. Zamu yake ya malipo ya mnada ilikuwa bado, kwa hiyo korosho alizokuwa ameanika uani aliziuza kwa kangomba, walanguzi wanaonunua nje ya mnada, kwa bei ambayo naona uchungu kuiandika. Mheshimiwa, hii ni serikali ile ile iliyonunua korosho zetu mwaka 2018 kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuleta wanajeshi wazisombe, ikisema mkulima wa Kusini asinyonywe. Leo mkulima yule yule anasukumwa kwa kangomba na askari aliyemnusa mdomo.

Kama kosa ni la mahakamani, apelekwe mahakamani. Kama ni la faini, Bunge mwaka 2021 lilishusha faini za pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Hiyo laki moja isiyo na risiti imeandikwa katika sheria gani?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haisemi mtu anuswe. Imeweka kiwango: miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Hicho ni kitu cha kupimwa kwa chombo, mtu apulize, namba isomeke, na yeye mwenyewe aione. Pua ya binadamu haina uwezo huo, hata iwe ya askari mwenye uzoefu wa miaka mingi.

Na kwa pombe yetu, pua hudanganya zaidi. Anayetoka Dodoma au Dar es Salaam huenda hajui uraka unavyotengenezwa. Mabibo tunayaokota asubuhi, tunang'oa korosho, tunayaponda kwenye kinu, tunakamua, tunachuja. Ile juisi ikikudondokea kwenye kanga, doa halitoki hata ufue kwa sabuni gani. Ikifika jioni inatoa povu na kuanza kuuma ulimi, kesho yake imekuwa kali zaidi, na siku zinavyokwenda inageuka uchachu. Kijana anayenibebea madumu kutoka shambani ananuka uraka kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, na ni mtu wa swala tano ambaye tangu azaliwe hajaonja. Ameshasimamishwa, akaambiwa apumue, akaambiwa amelewa. Mimi mwenyewe, ninayekamua siku nzima, nikipanda bodaboda kwenda zahanati nanuka kuliko mteja aliyekunywa vikombe vitatu. Sasa fikiria aliyekunywa gongo, ambayo sheria inaikataza na ambayo nguvu yake ni mara nyingi ya uraka, akatafuna pipi ya mnanaa: huyo kiganja kinampitisha.

Hapo ndipo panaponiuma kuliko laki moja ya mjomba.

Msimu uliopita tulimzika binti wa darasa la sita. Alikuwa anarudi na ndoo ya maji jioni, ukingoni mwa barabara, upande unaotakiwa. Huku juu maji ni ya kufuata, Mheshimiwa, na watoto ndio wanaofuata. Pikipiki ilimkuta kwa nyuma. Mwendeshaji hakunywea kwangu wala kwenye kilabu chochote cha kijiji hiki. Mfukoni alikutwa na kichupa cha plastiki cha pombe kali, kile kidogo. Waliokuwa barabarani siku ile wanasema alisimamishwa na trafiki kabla ya kufika kijijini, wakazungumza naye pembeni, wakamwachia. Sikuwepo, sitaapa. Ila sijasikia hata mtu mmoja aliyekuwepo akisema vinginevyo. Nilisaidia kumwosha yule mtoto. Anayedhani natetea ulevi barabarani aje anitazame machoni aseme.

Kwa hiyo siombi trafiki waondoke. Naomba wapime. Anayepimwa akakutwa amezidi, afungiwe leseni, ashtakiwe, hata awe mteja wangu mkubwa, hata awe mwanangu. Na anayekutwa yuko salama, au anayekokota pikipiki yake kwa mkono kama mjomba, aachwe aende zake. Bila kipimo anayeonewa ni yule mwoga na mnyonge, na anayepita ni mwenye hela ya kumalizana.

Mheshimiwa, haya si mapya masikioni mwako. Ulikuja kwenye mkutano wa hadhara uwanja wa shule, kabla ya mikorosho kuanza kutoa maua. Mama mmoja alisimama akakuuliza kuhusu kunuswa. Ulimjibu kwamba utazungumza na wahusika, kwamba kipimo cha ulevi kitaletwa kabla ya msimu wa korosho, na kwamba anayedaiwa fedha bila risiti akupigie wewe mwenyewe. Tulipiga makofi. Mtendaji aliyaandika kwenye daftari la kumbukumbu za mkutano, na daftari lipo. Namba uliyotutajia siku ile inaita, haipokelewi. Msimu umefika, kipimo hakijafika. Ulisema pia utaongea na wenye Hiace waweke gari la jioni siku za malipo, maana la mwisho linaondoka mapema na baada ya hapo hakuna usafiri ila bodaboda. Gari hilo pia hatujaliona.

Niruhusu niseme kinachotokea kijijini, kwa sababu huenda taarifa zinazokufikia zinasema walevi wamepungua. Kilichopungua ni watu wa kilabuni. Wazee hawaji tena, wanaogopa kudhalilishwa mbele ya wajukuu. Wale wa vitongoji vya mbali, waliokuwa wakija kwa miguu na kurudi kwa miguu, nao wamekoma, kwa kuwa walishasikia kwamba hata anayetembea anaulizwa pikipiki ameificha wapi. Kilabu hiki ndipo vibarua wa palizi walipolipwa ujira wao mbele ya mashahidi. Ndipo wajomba walipokaa kupanga jando na unyago, nani atoe mchele, nani atoe mbuzi. Ndipo habari ya bei ya mnada ilipofika kwanza, na rambirambi ilipokusanywa jioni hiyo hiyo ya msiba. Mama wa mihogo ya kuchoma aliyekuwa akikaa mlangoni kwangu amehamia stendi ya mjini, na yule wa samaki wa kukaanga ameacha kabisa.

Ulevi wenyewe umehamia kichakani. Vijana wanakunywa mashambani chini ya mikorosho, gongo ya kificho, bila mzee wa kuwaambia imetosha, kisha wanarudi kwa njia za panya, taa zimezimwa ili wasionekane na trafiki. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipopiga marufuku viroba, zile pombe kali za vifuko vya plastiki, mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia, ingawa nilikuwa nauza. Kiroba kilikuwa kinakaa mfukoni mwa dereva na kunywewa akiwa kwenye usukani. Kilipoondoka, vijana walirudi kilabuni, wakakaa kwenye benchi, wakaonekana na watu. Mimi naweza kumnyima kikombe mtu anayeyumba, na nimewanyima wengi. Ninaweza kumwambia aache pikipiki kwangu hadi asubuhi, na uani kwangu kuna kibanda chenye kufuli kwa kazi hiyo tu. Nani anamnyima kichakani? Nadhani, na wenzangu wenye vilabu wanakubaliana nami, kwamba huu mtindo wa kuvizia mlangoni mwa kilabu umerudisha kile kilichoondolewa mwaka 2017, safari hii kikiwa kwenye chupa ndogo.

Na barabara inabadilika. Zile kilomita 160 kutoka Mnivata kupita Tandahimba na Newala hadi Masasi zinajengwa kwa lami, nasi tunashukuru, tumeisubiri lami hiyo tangu wazazi wetu wakiwa hai. Lakini kwenye vumbi na mashimo pikipiki ilikuwa haikimbii. Kwenye lami inaruka. Mlevi ambaye zamani angeangukia kwenye mchanga akaamka na michubuko, sasa ataua. Ukingo wa barabara hiyo ndio njia ya watoto wetu kwenda shule na kufuata maji.

Sitaki kukuficha hali yangu. Mume wangu alifariki nikiwa na watoto wadogo, na kilabu ndicho kilichowalea. Mkubwa yuko kidato cha tano bweni. Ada serikali imefuta, Mungu awabariki, lakini godoro, sare, nauli na daftari havijafutwa. Wateja walipopungua nilikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili nilipie leseni hiyo hiyo inayonipa haki ya kufungua mlango. Sasa wakopeshaji wanakuja asubuhi, wanakaa kwenye benchi walilokuwa wakikalia wateja, wanasubiri marejesho. Juzi wamechukua redio na sufuria kubwa la kuchemshia. Nalipa serikali leseni kwa mkono wa kulia, na kwa upande wa kushoto askari wa serikali anawafukuza wateja nje ya mlango wangu. Mimi kama mfanyabiashara halali nimekosa nini, Mheshimiwa? Kama kilabu ni haramu, nyimeni leseni, tujue. Kama ni halali, basi mtu akitoka humo kwa miguu yake asifanywe mhalifu.

Nilikuwa nimepanga kuomba mengi: pikipiki ya mjomba ilivyochukuliwa ichunguzwe na laki yake irudi, gari la jioni siku za malipo, na wewe ufike tena uwanja wa shule utueleze. Yote bado nayahitaji. Lakini nikiambiwa nichague moja, nachagua kipimo. Kipimo kimoja tu cha ulevi pale chini ya mkorosho, kinachofanya kazi, askari aliyefundishwa kukitumia, na daftari la kuandika namba iliyosomeka na jina la aliyepimwa. Kikiwepo, mjomba angepita. Na yule aliyemuua binti wa darasa la sita asingepita.

Ulituahidi, na tuliandika. Malipo ya mnada mwingine yanatarajiwa hivi karibuni, vijana watakuwa na hela na pikipiki zimejaa mafuta. Tafadhali, kipimo kifike kabla ya hapo. Nakuomba kama mama, kama mlipa kodi na kama mpiga kura wa wilaya hii: leta kipimo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama mwenye kilabu,
Uwanda wa Makonde, Mtwara